Umekula wapi? Namna ya kutunga na kurekodi wimbo wa taratibu wa penzi linaloyumba

Wimbo wa penzi linaloyumba na wimbo wa kuachana ni nyimbo mbili tofauti, na demo (rekodi za majaribio) nyingi zinaharibika hapo tu, kabla hata gitaa halijashikwa. Aliyeachwa ana jibu lake tayari. Aliyebaki ndani ya nyumba, analala kitanda kimoja na mtu asiyemwelewa tena, bado ana swali. Msikilizaji hurudia kiitikio chenye swali kwa sababu na yeye anataka jibu. Basi mwongozo huu unahusu wimbo wa huyo wa pili, tangu neno la kwanza hadi faili la mwisho.

Vya kuwa navyo

Daftari, simu ya kurekodia mawazo, gitaa au kinanda, kompyuta yenye programu ya kurekodi, kadi ya sauti ya njia 1 au 2, maiki ya kondensa, hedifoni za kufunika masikio yote, na mablanketi 2 mazito. Muda: maneno siku 2 hadi 3, biti siku 1, sauti saa 3 hadi 4, miksi (kusawazisha sauti na vyombo) siku 2 zenye usiku wa kulala katikati. Anayekuahidi kila kitu kwa jioni moja anakuuzia biti ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: Tafuta ugomvi mmoja, saa moja, kitu kimoja

Usiandike kuhusu "mateso ya mapenzi". Andika kuhusu usiku mmoja. Chukua karatasi uorodheshe ugomvi wa kweli unaoujua mtaani: kodi ya nyumba iliyolipwa na mtu asiyetajwa, wifi aliyehamia bila siku ya kuondoka, mpenzi aliye Muscat ambaye zamani alipiga simu kila Ijumaa na sasa anatuma sauti ya sekunde 8. Kwa kila ugomvi andika kitu kinachoshikika kwa mkono. Ukikosa kitu, futa ugomvi huo.

Mfano tutakaoufanyia kazi hapa ni huu: mtu amepika, amesubiri, amefunika sahani kwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Mwenzake anarudi usiku wa manane na kusema ameshiba. Basi. Hakuna SMS iliyofumaniwa wala jina la mchepuko. Swali linalobaki ni "umekula wapi?", na kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba swali hilo haliulizi chakula peke yake. Hilo ndilo fumbo, na ni mali ya zamani: taarab imelitumia, kanga zinalitumia mpaka leo. Ukishalipata usilifumbue. Mstari ukisema "yaani una mwanamke mwingine", umeua wimbo.

Hatua ya 2: Nani anamwambia nani

Chagua "mimi" na "wewe", kisha ushikilie hapo mpaka mwisho. Kosa la kawaida ni ubeti wa kwanza kumwambia mpenzi, kiitikio kuwaambia marafiki, ubeti wa pili kumwomba Mungu. Msikilizaji anapotea na hasemi kapotea. Anaruka wimbo tu.

Kiswahili kinakupa zawadi hapa: nafsi zetu hazina jike wala dume. "Umekula wapi" huimbwa na mwanamke, na mwanamume pia, bila kubadili herufi. Ukiandika "mume wangu" umefunga mlango mmoja. Ukiandika "mwenzangu", "mwandani" au "laazizi" umeacha yote wazi, na kesho unaweza kuufanya wa watu wawili. Lakini jina la kuitana lazima lilingane na nyumba unayoiimba. Wenye watoto huitana kwa jina la mtoto, Baba Fulani na Mama Fulani. Walio chuo huitana "bebi". Wimbo wa sahani na kawa una nyumba ndani yake, kwa hiyo "bebi" itasikika kama imeokotwa.

Hatua ya 3: Kagua viambishi vya wakati

Hatua hii ni fupi lakini inaokoa nyimbo. Pitia kila kitenzi. Ukiona "-li-" imejaa (nilikupenda, ulinidanganya, tuliishi), umeandika kumbukumbu, penzi limeshazikwa. Penzi linaloyumba hukaa kwenye "-me-" na "-na-": umeshiba, nimeweka, unasema. Jambo limetokea na bado liko mezani. "-nge-" itunze kwa daraja tu (kipande kinachogeuza wimbo kabla ya kiitikio cha mwisho), kama utaitumia. Ikitapakaa beti zote inageuka majuto, na majuto ni wimbo mwingine.

Hatua ya 4: Kiitikio kwanza

Andika kiitikio kabla ya beti. Pima kwa mizani, kama washairi: kila silabi ni mzani mmoja. Kwa wimbo wa mapigo 72 kwa dakika, vipande vya mizani 6 vinakaa vizuri, viwili kwa mstari:

Umekula wapi, mbona umeshiba?
Kawa nimeweka, nani kakuiba?
Nikikuuliza, unasema "acha",
Kukicha kiporo, penzi limechacha.

Hesabu: u-me-ku-la-wa-pi, 6. Mbo-na-u-me-shi-ba, 6. Endelea hivyo kwa vipande vyote 8 na utaona hakuna kilichozidi. "Kakuiba" imetumika badala ya "amekuiba" kwa sababu kipande kingekuwa na mizani 7. Kufupisha hivyo ni halali na kunasikika kama usemi wa kawaida: "mi" kwa "mimi", "yazima" kwa "inazima". Ukilazimika kufupisha mara 3 katika mstari mmoja, mstari ndio mbovu.

Vina sasa. Vitenzi vyetu vingi huishia na "a", kwa hiyo "nalia", "nateseka" na "napenda" havina kina chochote cha kujivunia hata vikiimbwa na malaika. Linganisha silabi 2 za mwisho, si irabu moja: shiba na iba, acha na chacha. Angalia pia neno "chacha" linavyofanya kazi: chakula kilicholala huchacha, na penzi limechacha. Kina kimekuja na maana yake. Kina kinachokuja mikono mitupu ni afadhali kukiacha.

Jambo linalowaponza hata wenye sauti nzuri ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la mzawa halisamehe: barabára ni njia, barábara ni sawasawa. Kila kipande cha kiitikio chetu kinakaza mzani wa 5: WA-pi, SHI-ba, WE-ka, I-ba, LI-za, A-cha, PO-ro, CHA-cha. Kwa hiyo mzani wa 5 ndio unaotakiwa kuangukia pigo la 1 la kipimo, lile zito. Kila kipimo kina mapigo 4, na kila mzani unachukua nusu ya pigo. Kwa hiyo unaanza kuimba kwenye pigo la 3 la kipimo kilichotangulia:

pigo la 3: u, me
pigo la 4: ku, la
pigo la 1: WA, kisha pi

Ukianza pigo la 1 na "u", biti inakaza U-mekula, na wimbo unasikika kama umeandikwa na mtu anayejifunza lugha.

Kipande kimoja kitakusumbua: "Kukicha kiporo". Mkazo wa "kukicha" uko kwenye KI, mzani wa 2, na kwa mpangilio wa hapo juu KI inaangukia nusu ya pili ya pigo, mahali pepesi. Ukiimba hivyo hivyo utasikia KU-kicha. Dawa yake: sogeza "ku" nusu pigo nyuma, iwe mwishoni mwa pigo la 2; KI ikae juu ya pigo la 3 na uivute pigo zima; "cha" na "ki" zigawane pigo la 4; PO ifike pigo la 1 kama wenzake. Kule kuvuta KI kunaleta uchovu wa mtu aliyekesha, na wimbo ulikuwa unauhitaji.

Jaribio rahisi: sema kiitikio kama unaongea, ukirekodi kwenye simu, bila muziki. Sikiliza sauti inapanda wapi na inashuka wapi. "Umekula wapi?" ikiulizwa kwa upole usiku ina mwendo wake, ina melodi tayari. Ichukue hiyo kabla hujatafuta nyingine kwenye kinanda.

Hatua ya 5: Beti na daraja

Kazi ya ubeti ni kuonyesha. Kulalamika tumemwachia kiitikio. Mstari kama "umeniumiza moyo, sina furaha tena" hauna kosa la sarufi, na pia hauna mtu ndani yake. Linganisha na huu:

Bajaji yazima mlangoni kwangu,
Shati lanukia pilau si yangu.

Mizani 6 kwa 6 tena (m-la-ngo-ni-kwa-ngu, "m" hiyo ni silabi kamili, usiisahau kwenye hesabu). Hakuna neno "moyo" wala "machozi", na kila mtu ameelewa. Ubeti wa pili usirudie usiku uleule. Sogeza saa, uende asubuhi:

Asubuhi chai, vikombe viwili,
Kimoja kitupu, kimoja kamili.

Neno refu ukilipenda sana lipime kwanza. "Nimekuvumilia" ni mizani 7 na halikai. "Nimevumilia" ni 6, mkazo wake uko kwenye LI, mzani wa 5, linaingia bila kusukumwa. Hapo hapo jihadhari na maana. Kuvumilia ukimya ni jambo moja. Wimbo unaosifu kuvumilia kipigo utaimbwa na watoto wa darasa la 3, na hakuna melodi inayoweza kuulipia.

Daraja ndipo mwimbaji anapojigeukia. Mpaka hapa lawama imekwenda upande mmoja, na msikilizaji ameanza kushuku. Mpe nafasi ya kujiuliza kosa lake:

Au ni mkono wangu, uliopunguza chumvi,
Ulipochoka kusema, mbona sikukusikia.

Hapa mizani imepanda kuwa 8 kwa 8, kama mshororo wa tarbia, na vina vimeachwa makusudi: mtu anayejihoji hapangi vina. Kila kipande kipe vipimo 2 ili pumzi itoshe. Ukiubana ndani ya kipimo kimoja, silabi 8 zinajaza nusu-pigo zote 8 na huwezi kuvuta hewa mpaka mwisho.

Ramani ya wimbo mzima, kwa vipimo: utangulizi 4, ubeti wa kwanza 12, kiitikio 8, ubeti wa pili 8, kiitikio 8, daraja 8, kiitikio mara mbili 16, kumalizia 4. Jumla vipimo 68, sawa na mapigo 272. Kwa mwendo wa 72 ni dakika 3 na sekunde 47. Kiitikio cha kwanza kinaingia sekunde ya 53, na kwa msikilizaji wa simu hiyo ni safari ndefu. Usikate ubeti. Weka "Umekula wapi" peke yake, sauti kavu na gitaa moja, ndani ya utangulizi. Akishalisikia swali atasubiri.

Hatua ya 6: Kodi na ufunguo

Tunazungumzia kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, siyo zile za TRA, mamlaka ya mapato. Kwenye beti tumia Am, F, C, G, kipimo kimoja kila moja. Zimetumika mara elfu na zitatumika tena. Sikio linatulia, linabaki na maneno. Kwenye kiitikio anza na F: F, G, Em, Am, kisha F, G, E, Am. Kuanzia F badala ya nyumbani Am kunaliacha swali likining'inia, na ile E kubwa karibu na mwisho ina G♯ inayovuta kurudi Am kwa nguvu. Iweke chini ya "kukicha kiporo" usikie. Daraja: Dm, Am, Dm, E, vipimo 2 kila moja.

Ufunguo, yaani wimbo ukae juu au chini kiasi gani, huchaguliwa na koo. Imba kiitikio, tafuta noti ya juu kabisa unayoifikia bila kukunja uso, halafu shusha wimbo wote hatua moja nzima. Unahitaji akiba hiyo kwa sababu utaimba kiitikio mara 4, na cha mwisho kwa nguvu zaidi. Beti ziimbwe chini, kiitikio kipande. Wimbo unaoanza juu hauna pa kwenda. Wengi wanaufungua kwa sauti ya kilele ili kuonyesha uwezo, na kufika daraja wamechoka wao na msikilizaji. Kama ni wa wawili, mwanamume na mwanamke, jaribu ufunguo na wote wawili siku hiyo hiyo. Sauti ya mwanamke mara nyingi hukaa juu kwa noti 4 au 5 za ngazi, kwa hiyo melodi ileile haiwezi kumkaa kila mmoja. Mmoja apewe melodi, mwingine sauti ya pili.

Hatua ya 7: Biti

Vyombo vichache. Gitaa la nyuzi za nailoni au piano, besi, ngoma nyepesi, na chombo kimoja cha kujibu sauti. Ukitaka harufu ya pwani, fidla au kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya taarab) ndiyo ijibu, tena baada ya mwimbaji kunyamaza. Fidla inayocheza juu ya maneno inagombana nayo. Ngoma ziingie ubeti wa kwanza ukifika nusu, zitoke zote kwenye daraja, zirudi kiitikio cha mwisho. Kutoka huko kuna faida kuliko kuongeza chombo cha 7.

Ukiona 72 inalaza watu, peleka kwenye zuku, mtindo wa Guadeloupe na Martinique ambao Bongo Fleva imeuzoea kama wake. Mwendo wa 92, kijiti cha pembeni mwa ngoma kikigonga 3, 3, 2 ndani ya robo-pigo 8. Wimbo uleule wa vipimo 68 unakuwa dakika 2 na sekunde 57. Watu watacheza huku wanaumia, na kibiashara hilo halijawahi kuwa kosa. Lakini mazoezi ya mkazo ya Hatua ya 4 uyarudie, maana mgongo wa 3-3-2 unasukuma sauti mahali pengine.

Hatua ya 8: Kurekodi sauti

Chumba chenye godoro, nguo na mapazia kinashinda sebule yenye marumaru. Tundika mablanketi nyuma yako na pembeni. Maiki husikia kilicho nyuma ya mwimbaji kuliko kilicho nyuma yake yenyewe. Zima feni, chomoa friji, rekodi baada ya saa 4 usiku, na kama paa ni bati angalia mawingu. Ukisikia mlio wa umeme, zzzz ya chini isiyokoma, chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Nyumba nyingi waya wa ardhi haufanyi kazi. Betri itakulinda na umeme kukatika katikati pia.

Maiki iwe chini kidogo ya shubiri moja kutoka mdomoni, kama sentimita 15 hadi 20, na chujio la pumzi katikati. Soksi nyembamba iliyovutwa juu ya hanga ya waya iliyokunjwa duara inatosha. Wimbo huu una P nyingi (wapi, kiporo, penzi) na bila chujio kila moja ni kofi. Una pia "sh" na "ch" za kutosha, kwa hiyo geuza maiki kidogo, nyuzi 15 hivi, isikutazame moja kwa moja. Rekodi kwa ubora wa biti 24 (biti za kompyuta, siyo za ngoma), vilele vya sauti vikicheza kati ya -12 na -6 desibeli. Kuzidisha mpaka taa nyekundu iwake hakutibiki baadaye, lakini sauti ndogo inaongezeka.

Imba wimbo mzima mara 4 bila kusimama, ndipo urudi kwenye vipande. Ukianza na vipande, kila mstari utakuwa mzuri na wimbo utakosa mwendo. Beti sogea mpaka sentimita 10 na uimbe kama unamwambia mtu aliyelala; kiitikio rudi nyuma. Usilie kwa kweli. Koo linafunga, pua inajaa, noti zinashuka, na kinachosikika kwenye spika ni mafua. Maji ya uvuguvugu, si ya friji. Na herufi za mwisho zisimezwe: "umeshib'" haina kina tena.

Kiitikio kiimbe mara 2 zaidi kwa melodi ileile, moja kulia moja kushoto, halafu sauti ya pili juu yake, noti ya 3 ya ngazi. Kiitikio cha kwanza kiache kikavu, cha pili ongeza sauti ya pili, cha mwisho weka zote.

Hatua ya 9: Miksi

Chagua sauti bora mstari kwa mstari kutoka zile 4. Pumzi usizifute. Zipunguze desibeli 6 hivi, ziwepo. Mwimbaji asiyepumua kwenye wimbo kama huu ni roboti anayesimulia ndoa.

Ondoa mngurumo wote chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye sauti. Kama inasikika kama iko ndani ya pipa, punguza desibeli 2 au 3 kati ya hezi 250 na 400. Kompresa, ile ya kupunguza sauti zinazozidi, iwe na uwiano wa 3 kwa 1, ikibana desibeli 3 hadi 6 kwenye vilele. Makali ya "s" na "sh" yako karibu na hezi 5,000 hadi 8,000. Tumia kibana-s, lakini ukizidisha "umeshiba" inakuwa "umethiba". Mwangwi wa sekunde 1.5 hadi 2, ukicheleweshwa milisekunde 40 hadi 60 ili maneno yatangulie mbele yake. Ukitaka mrudio wa sauti kwenye "wapi… wapi", kwa mwendo wa 72 pigo moja ni milisekunde 833 na nusu ni 417. Uwashe kwenye neno hilo tu.

Kwenye Auto-Tune na ndugu zake, programu za kunyoosha noti, weka kasi ya chini. Uimbaji wetu hupinda sauti, huteleza kutoka noti hadi noti, na kasi kubwa inakata ule mteremko kuwa ngazi za saruji. Rekebisha kwa mkono noti 3 au 4 zilizokwenda nje, nyingine ziache.

Lala. Asubuhi sikiliza kwa sauti ndogo kwenye spika ya simu, kisha sabufa, kisha hedifoni za bei rahisi. Simu itameza besi karibu yote. Kama wimbo umekufa bila besi, gitaa liko chini mno. Kama sabufa inafunika maneno, punguza besi yenyewe badala ya kupandisha sauti. Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), basi kubana masta, lile faili la mwisho, mpaka iwe tofali hakukuongezei ukubwa, kunakupunguzia pumzi. Acha kilele kisipite desibeli -1.

Hatua ya 10: Karatasi kabla ya kuachia

Kabla faili halijatoka kwa prodyuza, andikeni mgawanyo: maneno asilimia ngapi, melodi ngapi, biti ngapi, jumla 100, sahihi za wote, picha ya karatasi kwenye simu ya kila mmoja. Penzi la kwenye wimbo likiyumba ni sanaa. La mtunzi na prodyuza likiyumba ni kesi. Sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kama uko Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya.

Pitia maneno kwa mara ya mwisho ukitafuta mtu halisi: jina, mtaa, namba ya simu, kazi anayofanya. Kama ugomvi ulitoka nyumbani kwako, badilisha kitu kimoja kikubwa. Kawa inaweza kuwa hotpoti. Pilau inaweza kuwa ndizi. Mhusika asijitambue wala jirani asimtambue.

Kwa msambazaji wa mtandaoni andaa WAV ya masta, picha ya mraba ya pikseli 3,000 kwa 3,000, maneno yaliyochapwa bila makosa ya tahajia, na majina kamili ya watunzi. Msambazaji atakupa namba ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi yako, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike kwenye ile karatasi ya mgawanyo. Peleka wiki 3 au 4 kabla ya siku ya kutoka. Kipande cha video fupi, na cha mlio wa kumpokelea mpigaji kama Skiza ya Kenya, kianze pale pigo la 3 linapoingia, kwenye "u" ya "Umekula". Ukikata nusu pigo tu mbele utapata "mekula wapi", na ndivyo watakavyouita.

Toa pia faili la biti tupu, la sauti tupu, na la jukwaani lenye sauti za pili bila ile kuu. Nakili zote mahali 2, moja nje ya kompyuta iliyorekodia.